Kibandiko kilisema 4,400, ekseli ikasema 3,500

Bahasha ilifika nyumbani kwetu Columbus, Ohio, pamoja na matangazo ya pitsa na bima, na mama watoto alikuwa ameshaiweka kwenye rundo la kutupwa. Kilichoiokoa ni utepe mwekundu juu yake wenye maneno ya onyo la usalama na nembo ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani. Ndani yake mtengenezaji wa trela letu la kulala, ile nyumba ndogo ya magurudumu manne tunayoivuta kwa pikapu kila kiangazi kwenda kupiga kambi Michigan, alikiri kwamba ekseli zilizofungwa chini yake, yaani vyuma vya kukingama vinavyoshika magurudumu, haziwezi kubeba uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chake mwenyewe. Anawataka wamiliki wayarejeshe matrela hayo kwa wakala wake, yatengenezwe bure.

Naandika haya kwa ajili ya ndugu zetu wengi huku ambao siku hizi wananunua matrela haya, mara nyingi mkononi mwa mtu, kwa sababu mimi nilikuwa na dalili za tatizo hili miezi minane kabla ya barua na sikuzielewa. Tairi mbili za nyuma zilikuwa zinaisha upande wa ndani tu, huku upande wa nje ukiwa bado na meno yake. Nililaumu tairi, nikanunua nyingine. Ekseli ya trela hutengenezwa ikiwa imepinda kidogo kwenda juu katikati, ili ikishabebeshwa mzigo inyooke na magurudumu yasimame wima. Ikizidiwa inapinda kwenda chini, sehemu ya juu ya magurudumu inaingia ndani, na tairi inaanza kuliwa kwenye ukingo wa ndani. Tairi ilikuwa inaniambia jambo, nami nikaibadilisha ili inyamaze.

Siku ileile nililala chali chini ya trela nikiwa na tochi na kitambaa. Katikati ya bomba la ekseli, upande wa nyuma, kulikuwa na kibati kidogo kilichofunikwa na tope la barabara ya Indiana. Nilipokifuta nikasoma pauni 3,500, yaani kama kilo 1,590. Nikatoka, nikazunguka hadi ubavu wa kushoto wa trela, sehemu ya mbele, ambako sheria inataka pawe na kibandiko cha uzito. Kilisema kila ekseli inabeba pauni 4,400 na trela zima lisizidi pauni 8,600. Kwa macho si rahisi kuitofautisha ekseli ya pauni 3,500 na ya 4,400, na nadhani ndiyo sababu kosa lilipita kiwandani bila mtu kustuka: matrela mengi ya kulala ya Marekani huundwa katika kaunti ya Elkhart, Indiana, na kwa kawaida kiwanda kinachounda trela hakitengenezi ekseli bali hununua kwa wengine.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usikiamini kibandiko cha ubavuni peke yake. Soma kibati cha ekseli, kisha soma ubavu wa kila tairi, kwa sababu uwezo wa kweli ni ule wa kifaa kilicho dhaifu kuliko vyote, iwe ekseli, springi, rimu au tairi. Tairi zangu ziliandikwa pauni 1,760 kila moja. Ekseli ya pauni 4,400 inahitaji tairi mbili za angalau pauni 2,200 kila moja, kwa hiyo hata kama ningefungiwa ekseli nzito zaidi bila kubadilishiwa tairi, tatizo lingehama tu kutoka chuma kwenda mpira.

Pili, nenda mizani. Nyumbani tumezoea kuona mizani ya Kibaha au Mariakani kama jambo la malori na faini, lakini huku vituo vingi vikubwa vya mafuta vya malori vina mizani ya kulipia ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia. Jamaa yangu mmoja wa Eldoret, dereva wa lori, ndiye aliyenipeleka. Mizani hiyo ina majukwaa matatu. Unaweka pikapu kwenye mawili ya mwanzo na magurudumu ya trela kwenye la mwisho, kisha unafungua trela na kurudi kupima pikapu peke yake. Ukitoa uzito wa pikapu peke yake kwenye jumla ya mara ya kwanza, unapata uzito wa trela zima. Letu, likiwa limepakiwa kama tunavyosafiri, lilikuwa na pauni 8,240, ambazo ziko ndani ya pauni 8,600 za kibandiko. Lakini magurudumu yake yalikuwa yamebeba pauni 7,260, na zilizobaki 980 zilikuwa zimelala kwenye ndoano ya pikapu. Ekseli mbili za 3,500 ni pauni 7,000. Tulikuwa tumezidisha pauni 260.

“Kaka, hii yote ni maji?” jamaa aliniuliza, akinyoosha kidole kwenye karatasi. Hakukosea sana. Lita moja ya maji ni kilo moja, nasi tulikuwa tunalijaza tangi nyumbani ili tusitegemee bomba la kambini. Tangu siku hiyo hadi trela lilipotengenezwa tulisafiri na tangi karibu tupu, na safari moja ndefu tuliiahirisha. Ekseli iliyozidiwa haivunjiki lazima siku ya kwanza. Beringi hupata moto, grisi ikatoka, na gurudumu linaweza kuchomoka ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, na aliye nyuma yako hajui lolote kuhusu kibandiko chako.

Kuhusu wito wenyewe wa kurejesha matrela, yako mambo ambayo wakala hatakuambia usipouliza. Mtengenezaji anatakiwa kuwaandikia wamiliki ndani ya siku 60 baada ya kuiarifu mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, lakini barua ya kwanza inaweza kufika kabla ya vipuri kuwapo, na hapo utaambiwa usubiri barua ya pili. Wewe uliyenunua mkononi mwa mtu usisubiri barua kabisa, maana huenda imekwenda kwa mwenye trela wa zamani. Litafute trela lako kwenye tovuti ya NHTSA kwa chapa, modeli na mwaka, kisha mpe mtengenezaji ile namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17 akuangalizie. Sheria ya taifa inamzuia wakala kukukabidhi trela jipya lenye wito ambao haujatekelezwa, lakini haimzuii mtu kukuuzia lililotumika. Matengenezo ni bure kwa trela ambalo, wito ulipotolewa, lilikuwa halijapita miaka 15 tangu liliponunuliwa mara ya kwanza.

Soma pia kwa makini ni marekebisho gani yanayotolewa, kwa sababu kuchagua ni haki ya mtengenezaji. Barua yetu ilitaja ekseli mpya, springi na tairi. Jirani yetu kambini, mwenye trela la aina nyingine, alipewa kibandiko kipya tu chenye uzito mdogo zaidi. Kisheria inawezekana, lakini maana yake ni kwamba trela alilonunua ili libebe familia na vitu vyake sasa linabeba pungufu, na binafsi nisingekubali kabla ya kulipima na kuandika malalamiko NHTSA.

Trela letu lilikaa kwa wakala wiki tatu. Siku ya kulichukua nililala tena chali na tochi yangu, fundi akinitazama kwa subira ya mtu aliyeshazoea wateja wa namna hii, nikasoma 4,400 kwenye vibati vyote viwili, kisha 2,200 na kitu kwenye tairi zote nne. Nati za magurudumu nilizikaza upya baada ya maili 10, 25 na 50, kama kitabu cha ekseli kinavyoagiza. Risiti ya zile tairi mbili nilizozinunua kabla ya barua nimeituma kwa mtengenezaji, kwa kuwa aliyelipia hitilafu ileile kabla ya wito ana nafasi ya kudai arudishiwe. Mpaka leo hawajajibu, na nakala ninayo.