Bongo mbili au nusu mbili za ubongo?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandaa makala ya afya ya redio. Nimeandika: "Binadamu ana bongo mbili, wa kushoto ni wa maneno na wa kulia ni wa maumbo." Mwenzangu anadai niseme "vizio viwili". Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Bongo mbili ni za watu wawili. Ubongo na bongo ni kama ulimi na ndimi, kila mtu na wake. Mtaani utasikia "tumia bongo zako", lakini hapo inatajwa akili, si kilichomo fuvuni. (Bongo ya Dar es Salaam tuiache, tutakesha.) "Kizio" si kosa, ila wengi watakumbuka Kizio cha Kaskazini cha jiografia. Andika "nusu mbili za ubongo", inatosha.

Kinachonisumbua zaidi ni hiyo "wa maneno". Inamilikisha, na msikilizaji ataelewa kwamba nusu ya kulia haijui neno hata moja. Sivyo. Wanasayansi wa ubongo Roger Sperry, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, na Michael Gazzaniga waliwapima Marekani wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamekatwa daraja la neva linalounganisha nusu hizo. Mgonjwa anakazia macho nukta, kisha neno linamulikwa kufumba na kufumbua kushoto kwa nukta. Umeona nini? Anajibu hakuona kitu. Lakini mkono wake wa kushoto, ukipapasa vitu asivyoviona, unaokota kilekile kilichotajwa! Kilicho kushoto kwa nukta hufika nusu ya kulia, na nusu hiyo ndiyo huongoza mkono wa kushoto. Basi nusu ya kulia ililisoma neno. Kulitamka ndiko kulikoishinda. Na katika kupanga vipande vya rangi vilingane na mchoro, mkono huohuo wa kushoto uliupita wa kulia.

Kwa hiyo tumia kitenzi: "Kwa watu wengi, nusu ya kushoto hutangulia katika maneno, ya kulia katika maumbo." Hilo "kwa watu wengi" usilikate, maana baadhi ya watu, hasa miongoni mwa wanaotumia mkono wa kushoto, mambo huwa kinyume.

Tena angalia: nimesema "kushoto kwa nukta", sikusema "kwa jicho la kushoto". Kosa hilo nalikuta mara nyingi. Kila jicho hupeleka habari kwenye nusu zote mbili. Kinachoamua ni kitu kiko upande gani wa pale unapotazama.