Ramani ya Muansa

SWALI: Nina fotokopi ya ramani ya Kijerumani, 1:300,000, yenye jina "Muansa". Waingereza walishukia wapi mwaka 1916? Mbona ufuo haulingani na wa leo? – Msomaji, Kirumba

JIBU: Muansa ni Mwanza kwa tahajia ya Kijerumani. Tafuta rasi ya Kongoro, mashariki ya mji. Kikosi cha Crewe, kamanda wa Waingereza, kilishuka huko Julai, kikaujia mji kwa nchi kavu. Ukatekwa tarehe 14. Ukitaka kupima umbali, sentimita 1 ya ramani ni kilomita 3, lakini fotokopi iliyopunguzwa hudanganya: nyoosha uzi kwenye njia, kisha upime kwa mstari wa skeli uliochorwa, si kwa rula. Ufuo usiuamini. Ziwa lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, likameza fukwe tambarare. Shika vilima, havijahama.