Vepu inayovuja: maswali yenu na majibu

Safari hii barua nyingi zinalia na jambo moja: juisi ya vepu, yaani sigara ya kielektroniki, kutokea pale isipotakiwa. Nimeanza na swali ambalo jibu lake linasaidia nusu ya mengine.

Fundi, nilijaza tanki asubuhi Mombasa nikapanda SGR. Kufika Nairobi mfuko wa suruali umelowa chapa. Tanki ni jipya, halijaanguka hata mara moja. Nimeuziwa feki? (Msomaji, Likoni)

Sidhani. Umepanda mlima ukiwa umekaa kitini. Mombasa iko usawa wa bahari, Nairobi iko juu karibu mita 1,700, na mgandamizo wa hewa huko ni kama asilimia 82 tu ya ule wa pwani. Hewa uliyoifungia ndani ya tanki huko Likoni imetanuka njiani karibu kwa moja ya tano, na juu pamefungwa. Itoke wapi? Inaisukuma juisi, juisi inapenya pamba ya koili (waya unaoipasha juisi moto igeuke mvuke), inashukia tundu la hewa, halafu ndiyo mfuko wako.

Kwanza ujue kinachoishika juisi siku za kawaida, maana wengi wanadhani ni pamba peke yake. Chovya mrija kwenye soda, ziba tundu la juu kwa kidole, kisha uunyanyue: soda haimwagiki mpaka uachie kidole. Ndani ya tanki ni vivyo hivyo. Hewa iliyo juu ya juisi ina mgandamizo mdogo kidogo kuliko ya nje, na hiyo ndiyo inayoizuia isishuke. Ndiyo maana nikiletewa tanki lililolowa chini, mimi naanza kukagua juu: kifuniko, mpira wa tundu la kujazia, ukingo wa kioo. Hewa ikipata upenyo huko, huku chini lazima pavuje.

Kwa safari ya kupanda bara, maliza juisi kabla ya kuondoka, ujaze ukifika. Ukishindwa, jaza pomoni, kwa sababu hewa ikiwa kidogo ndani hata kutanuka kwake ni kudogo. Tanki nusu ndilo baya kuliko yote. Kwenye ndege mambo ni yaleyale: hewa ya ndani huwa kama ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya bahari. Na huko vepu haiendi kwenye begi la kupakia chini. Unakaa nayo mwenyewe kwa sababu ya betri, na huruhusiwi kuivuta wala kuichaji.

Nimeweka koili mpya. Nikivuta inakoroma, na matone ya moto yananirukia ulimini. Tatizo ni nini? (Msomaji, Temeke)

Koili imefurika. Chomoa tanki kwenye betri, lifunge kwa tishu, geuza mdomo uangalie chini, ukung'ute mara kadhaa kwa nguvu. Utashangaa kinachotoka. Kisha pangusa pale tanki linapokazwa kwenye betri kwa kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo, maana juisi ikituama hapo vepu hukataa kuwaka, au hujiwasha yenyewe.

Sasa chanzo. Soma chupa yako. Juisi huwa na vimiminika viwili vikuu: propilini glaikoli, ambayo ni nyepesi, na gliserini ya mboga, ambayo ni nzito. Koili za chini ya ohmu 1 (kipimo cha ukinzani wa umeme, huandikwa kwenye koili) zina matundu makubwa na zinataka juisi yenye gliserini asilimia 70 hivi. Ukizitilia ya nusu kwa nusu, iliyokusudiwa podi, yaani vepu ndogo za kibweta, inapita tu. Joto la Dar nalo linaizidisha wepesi, sembuse ukiiacha kwenye dashibodi ya gari juani. Angalia pia wati zilizoandikwa ubavuni mwa koili: ukivuta chini ya hapo, juisi inaingia kwa wingi kuliko inavyogeuka mvuke.

Nimebadilisha oringi zote, ile mipira ya duara ya kuziba maungio, na tanki bado linavuja. (Msomaji, Nakuru)

Likaushe tanki kabisa, lijaze, lisimamishe juu ya tishu nyeupe na uliache. Doa la kwanza litakuonyesha pa kutazama. Likitokea ukingoni, pitisha ukucha polepole kuzunguka kioo; ufa mwembamba huusikia kwa ukucha kabla hujauona. Kama tanki ni la plastiki, nina swali: unapenda ladha ya limau, chungwa au mdalasini? Ladha hizo hupasua baadhi ya plastiki. Na uache kukaza kwa koleo, tafadhali. Oringi iliyobanwa kupita kiasi hutoka kwenye mfereji wake, na hapo umejifungulia mlango mwenyewe.

Vepu za kutupa zinazovuja, naweza kuifungua moja nikaweka pamba nyingine? (Msomaji, Leicester)

Usifungue. Mle ndani mna betri ya lithiamu, na bisibisi ikiitoboa inaweza kulipuka moto. Tena huko Uingereza kuziuza kumepigwa marufuku tangu Juni 1, 2025. Hiyo uliyo nayo irudishe duka lolote la vepu, wanatakiwa kuipokea. Usiitupe kwenye pipa la kawaida.

Kampala nitapata wapi koili? (Msomaji, Ntinda)

Hapo sikusaidii, ndugu yangu. Sheria ya Uganda ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuingiza na kuuza vifaa hivi.

Juisi ilivuja mkobani, mwanangu wa miaka miwili akashika na nadhani alilamba vidole. Sasa anacheza tu. Nifanye nini siku nyingine? (Mama, Kisumu)

Mama, hili si la kungoja siku nyingine. Nikotini hupenya ngozi, na kwa mtoto mdogo kiasi kidogo tu kikimezwa ni sumu. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe mikono na ngozi kwa maji mengi na sabuni, umpanguse mdomo. Ukihisi amemeza, mpeleke hospitali hata kama anacheza. Akianza kutapika, kutokwa mate mengi, kupauka au kulegea, kimbia. Usimtapishe, na uibebe ile chupa ili daktari asome kiwango cha nikotini.