Jibu: Kokoto za reli zinaelea nikiweka gundi

Habari ndugu. Umesema kwenye reli yako ya mfano, ile ya treni ndogo za umeme, ukidondosha gundi nyeupe, kokoto kati ya mataruma (vipande vilivyokingama chini ya reli) zinaelea na kufanya madonge, na zikikauka zinang'aa.

Kwanza, je, unazilowesha kabla? Gundi haipenyi vumbi kavu. Tia matone ya sabuni ya vyombo kwenye maji, pulizia kwa mbali kama ukungu hadi zikolee rangi, ndipo udondoshe gundi iliyozimuliwa nusu kwa nusu, kwa bomba la sindano, ukianzia pembeni. Usiguse hadi kesho, na baridi hii ya Julai Nairobi, ongeza muda.

Mng'ao huondoka kwa chaki iliyosagwa, ukipaka kwa brashi laini. Kama unaiga reli ya zamani upande wa Voi, tumia chaki nyekundu kama udongo wa huko. Chaki nyeusi, ya kuiga madoa ya mafuta, iweke pale tu injini husimama. Wengi huipaka kote, na stesheni nzima huonekana imeungua.

Udongo halisi pia unafaa, ila uchekeche kwenye soksi ya nailoni kisha upitishe sumaku, maana chembe za chuma huingia kwenye mota. Sehemu ya juu ya reli ifute kabisa, la sivyo umeme haufiki kwenye magurudumu.