Usiinyooshe risasi iliyokwisha kujazwa, pima ganda tupu kwanza

Mkuu, rudisha hiyo kadi mfukoni. Umeuliza ununue geji gani ya kupimia, presi ipi (mashine ya mkono ya kujazia risasi), na kama kile kifaa cha kunyooshea risasi kitaifaa bunduki yako ya .308 ya kuwindia kulungu huko Pennsylvania, maana risasi unazojaza mwenyewe zinayumba hadi inchi 0.007, yaani kichwa (kile kipande kinachoruka) hakikai sawa katikati ya mstari wa ganda. Hilo la kunyoosha ndilo limenifanya niache chakula mezani.

Kifaa hicho nilikinunua. Muuzaji wa duka moja hapa Texas aliniambia kazi ni nyepesi: zungusha risasi chini ya geji, tafuta upande ulioinuka, usukume, basi. Na kweli, zangu zilizokuwa 0.006 hadi 0.009 nikazishusha zote mpaka 0.001. Risasi 137, jioni tatu. Kufika kiwanjani, yadi 200, zikatawanyika kuliko nilivyokuwa nikipiga kabla sijazigusa. Nikachukua moja nikashika kichwa kwa vidole viwili, nikakisokota kidogo. Kikazunguka ndani ya shingo ya ganda! Ukikisukuma kichwa upande, hunyooshi kitu, unaipanua shingo ya shaba ambayo unene wake ni kama inchi 0.015 tu. Inabaki imekishika upande mmoja, mwingine umelegea. Na kichwa kilicholegea kikirudi ndani ya ganda, mgandamizo unapanda. Zote 137 nikazing'oa vichwa kwa nyundo maalumu ya kung'olea, moja moja, baruti nikaimwaga.

Yule muuzaji hakuniuliza hata mara moja: "Ganda lenyewe umelipima?" Swali moja tu! Mtu anayeuza vifaa vya kupimia na hakuona haja ya kuniambia nipime. Hadi leo linaniuma, na asije mtu hapa akasema nilikuwa nimelewa, mimi ni mtu wa chai.

Ndiyo maana nasema pima ganda tupu, kila hatua. Fundi baiskeli akiona ringi inayumba hachukui nyundo. Anaizungusha, anaweka kidole, anatafuta spoku ipi imevuta. Nilipokuja kufanya hivyo, maganda yaliyotoka tu kwenye bunduki shingo zake zilisoma 0.001. Nikayapitisha kwenye dai (kalibu ya chuma inayofungwa kwenye presi) ya kurudishia umbo, nikapima tena: 0.007. Presi haina kosa, kupachika kichwa hakuna kosa. Ni kile kigololi cha kupanulia shingo kilicho ndani ya dai. Shingo inaminywa kupita kiasi, halafu gololi inarudi juu ikipita humo humo kukavu na kuivuta pembeni. Dalili nilikuwa nazo siku zote: mkono wa presi unakwama ukirudi, shaba inalia kwiii. Nilidhani ndivyo presi zilivyo.

Nikaitoa gololi, ganda lililofuata likasoma 0.0015. Sasa fataki iliyotumika (kile kiwashio cha kitako cha ganda) naitoa kwa dai nyingine, na shingo naipanua kwa kijiti cha chuma kinachosukumwa kuingia, siyo kuvutwa kutoka. Kama hutaki kununua kitu, paka grafaiti kidogo ndani ya shingo kwa brashi, uchafu wa baruti ukiwa umeshautoa. Hiyo peke yake itakushangaza.

Geji yoyote ya saa inayosoma 0.001 au nusu yake inatosha, mradi ganda lilale kwenye vishikizo viwili bila kucheza. Gusisha ncha ya geji mahali pale pale kila mara: ukiisogeza kuelekea ncha ya risasi namba inakua, kwa hiyo usilinganishe na mtu aliyepima pengine.

Leo usiku chukua maganda kumi uliyokwisha kupiga, usiyajaze. Pima shingo, pitisha kwenye dai, pima tena, andika namba zote mbili kwa kalamu kwenye ganda lenyewe. Ziweke hapa nizione kabla hujamlipa mtu hata dola moja.