Makadirio ya fundi yanatosha kuanza kuongeza vyumba?

Ndugu, umeuliza kama makadirio ya fundi kwa vyumba viwili vya nyongeza yanatosha kuanza kazi. Bado. Mwambie atenganishe gharama za vifaa na za ufundi, kisha muulize kipi hakimo. Mara nyingi umeme, mabomba, rangi na kibali cha ujenzi huachwa nje. Pesa hupotelea hasa pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani: hali ya msingi haijulikani mpaka uchimbwe, na paa huenda likafumuliwa ili maji yasipenye kwenye maungio. Tenga asilimia 15 hivi ya makadirio kwa dharura, usiiguse kwa ajili ya marumaru nzuri. Na tafadhali, fundi mlipe kwa hatua, kila moja ikikamilika.