Mkanda, cheni au gia? Kwa wanaojitengenezea mtambo wa umeme wa upepo

Huku Singida upepo tunao, na vijana wengi wanaokuja kuniuliza habari za umeme wa upepo huwa tayari wameshika alteneta kuukuu ya gari. Wanataka kujua waifunge kwa cheni ya baiskeli, kwa mkanda au kwa giaboksi. Mimi huanza na hesabu ya mizunguko.

Chukua mapanga matatu yenye kipenyo cha mita 2. Upepo ukiwa mita 5 kwa sekunde, na ncha za mapanga zikikimbia mara sita ya upepo huo, shafti inazunguka kama mara 290 kwa dakika. Alteneta ya gari kwa kawaida haianzi kuchaji mpaka ivuke 1,000 hivi, kwa hiyo itabidi uzidishe mwendo mara nne au tano. Sasa sikiliza: ukizidisha mwendo mara tano, ugumu wote wa alteneta unayarudia mapanga mara tano. Ndiyo maana unakuta mtambo umesimama tuli na miti inayumba. Halafu upepo huo unakupa wati 70 hivi tu, na koili ya ndani ya alteneta peke yake inaweza kula wati 30. Mkanda nao ukichukua chake, betri inabaki na nini?

Kwa hiyo kama una uwezo, usiweke mkanda wala cheni. Funga jenereta ya sumaku za kudumu, ya mwendo wa polepole, moja kwa moja kwenye shafti ya mapanga. Hugh Piggott wa Scoraig, Uskoti, amewafundisha watu wengi kuijenga juu ya habu ya gurudumu la gari. Sumaku ni ghali, lakini hazitaki mafuta wala kukazwa.

Kama huna uwezo huo, tafuta mota ya sumaku ya kutumia kama jenereta, inayozunguka laini ukiijaribu kwa vidole, kisha uzidishe mwendo kwa hatua moja tu. Chaguo langu ni mkanda wa meno: hautelezi. Mkanda wa V unapoteza nguvu ukipinda kwenye puli ndogo. Ukiulegeza unateleza, ukiukaza unaumiza beringi. Cheni ni nzuri ikiwa safi, na spea zake ziko kila mahali, ila vumbi letu la kiangazi likichanganyika na grisi linatafuna meno ya sproketi, kwa hiyo ifunike. Nyoosha uzi ubavuni mwa sproketi zote mbili. Uzi usipogusa kingo zote sawasawa, cheni itachomoka. Giaboksi ya mashine kuukuu sikushauri, maana sili (mipira ya kuzuia mafuta yasivuje) na mafuta mazito vinaikaba hata kabla ya upepo kushika kasi.

Na breki iwe upande wa mapanga. Wengi hutegemea kuunganisha nyaya za jenereta zenyewe kwa zenyewe ili kuusimamisha mtambo, lakini mkanda ukikatika usiku wa upepo mkali, jenereta itasimama na mapanga yataendelea kuongeza kasi bila chochote cha kuyazuia.